Mlango wa Mpangaji Uko kwa Seremala

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni mwanamke, mtunza stoo wa hospitali, nimezoea kila kitu kiwe mahali pake na kiwe na tarehe yake, hata shajara yangu naiandika kila nikitoka kazini, lakini jambo hili limenishinda kulipanga. Nina nyumba ndogo ya ghorofa moja, juu naishi na baba yangu mzazi, chini kuna chumba nilichompangisha kinyozi, kijana mstaarabu ambaye baba amembandika jina la Mkasi, na kodi hajawahi kunichelewesha, kwa hiyo sina hata pa kumkasirikia. Tangu tarehe tatu Februari, baba alipoanguka akavunjika nyonga, ngazi haziwezi, na kila siku ya kliniki kaka yangu humshusha na kumpandisha mgongoni, naye baba hutania, "Taratibu jamani, mimi si gunia la mkaa," lakini mimi ninayefuata nyuma naiona mikono yake inavyomng'ang'ania kaka shingoni.

Nakihitaji kile chumba cha chini. Mkasi huja kumnyoa baba ndevu kila Jumapili bila kudai chochote, na Jumapili moja alipokuwa anatoka nikajikaza nikamwambia, "Mkasi, itabidi uanze kutafuta chumba kingine," akacheka, "Kwani mama umeshanipatia mchumba, chumba hiki hakitutoshi?" nami badala ya kumkazia macho nikacheka naye, ikaishia hapo. Nilipomsimulia kaka, ambaye ni seremala, akafoka, "Wewe unachekacheka na mpangaji huku mzee anateseka! Niachie mimi." Kesho yake akaja na bisibisi, akaung'oa mlango wa Mkasi, akamwambia umeingia mchwa na anaupeleka karakana kuutengeneza. Mshauri, mlango ule hauna mchwa hata mmoja. Nilikuwa dirishani juu, nikaona yote, nikarudisha pazia.

Nilidhani atakasirika ahame. Kumbe ametundika shuka mlangoni, na kila tukikutana uani ananishukuru, "Mama, mwenye nyumba mwingine angeniacha na mchwa wangu." Mashine zake za kunyolea sasa anakwenda nazo na kurudi nazo, hata akienda dukani kununua mkate, kwa sababu hana pa kuzifungia. Baba hajui lolote, anauliza tu mbona siku hizi Mkasi akimnyoa ana haraka ya kushuka. Je, nina haki ya kumtoa au sina? Na kama ninayo, nitaanzia wapi wakati ananitazama usoni na kunishukuru?

Dada wa Seremala

*

Dada wa Seremala,

Pole kwa mzee, na pole kwako unayepanda ngazi hizo nyuma yake. Kukihitaji chumba chako kwa ajili ya baba yako ni sababu ambayo mtu yeyote ataielewa, Mkasi akiwemo, akielezwa.

Lakini mlango, dada yangu! Unaniambia kaka ndiye aliyeshika bisibisi. Nyumba ni ya nani? Kumng'olea mpangaji mlango, kumkatia maji au kumtolea vitu nje si notisi. Ni kumfukuza kinyume cha sheria, na akienda kushtaki leo, atakayesimama kujieleza ni wewe. Kijana huyu hajagoma kuhama. Hajaambiwa.

Huko stoo dawa hazitoki kwa maneno ya mlangoni, hutoka kwa karatasi iliyosainiwa. Mbona mtu ulitaka atoke kwa kicheko?

Tafuta mkataba wenu usome unasemaje kuhusu notisi. Kama hamkuandikishana, nenda kaulize kwa wanaotoa msaada wa kisheria, maana muda wa notisi si mmoja kila mahali, na kodi aliyokwisha kulipa mbele ana haki ya kuikalia. Kisha mwandikie barua: jina lake, chumba anachokaa, sababu ya kukihitaji, na tarehe anayotakiwa awe amehama. Vitisho usiweke. Toa nakala mbili, umkabidhi mkononi mbele ya shahidi, na shahidi huyo asiwe kaka yako. Asaini moja ubaki nayo. Akikataa, shahidi aandike kwamba ameona akipewa. Muda ukiisha na bado yumo, usiguse hata ndala zake. Nenda mahakamani, amri ya kumtoa itoke huko.

Mzee naye mwambie. Hicho chumba ni yeye atakayelala humo, na kinyozi ni wake. Mkasi akiondoka kwa heshima, huenda Jumapili ukamwona amerudi na mashine zake. Akiondoka kwa hila, ndevu za baba yako utazinyoa wewe.

Ila barua isitangulie mlango. Leo hii kaka yako aurudishe na kuufunga vizuri, na wewe umwambie Mkasi kwa kinywa chako kwamba mchwa hawakuwepo. Ataumia, na wewe utavumilia kumwona akiumia. Barua ikiwa tayari, shuka chini, simama mbele ya mlango huo, ubishe hodi, na usiingie mpaka akukaribishe.