Kidoa chini ya mguu wa kushoto

Nyamianda, Jumanne jioni

Nisamehewe kimya cha miezi miwili. Sikuwa na la kuandika isipokuwa mvua.

Leo wauguzi walifika parokiani kukagua ngozi za watu wote wa mtaa, wagonjwa na wazima, wakitafuta dalili za kansa. Nilisimama wa kwanza mstarini ili wengine waone mfano. Nilionyesha mikono, shingo na mgongo. Muuguzi alikuwa Furaha, niliyemfundisha shule ya msingi.

"Mwalimu, toa na viatu."

Nilimjibu kwamba jua halifiki kwenye nyayo.

"Kwa bantu beusi kama siye, hii kansa iko inajificha hapo. Na weye ulikuwa unatukagua kucha kila asubuhi. Leo ni zamu yangu!"

Mstari mzima ulicheka. Nikavua. Furaha aliacha kucheka alipoinua mguu wangu wa kushoto.

Kidoa cheusi kilicho kwenye unyayo huo nakijua tangu mwaka jana. Nilijiambia kuwa ni alama ya mwiba wa shambani Luberizi, ingawa kimekuwa kikipanuka. Furaha anataka daktari akate kipande kidogo, kipelekwe Bukavu kupimwa. Nimemwomba anisubiri hadi Ijumaa, nikisingizia shughuli ambazo sina.

Shuleni, watoto waliokuwa wakificha mikono nilipokagua kucha niliwaita wakaidi. Sikumwuliza hata mmoja kama alikuwa anaogopa.

Joto ni kali, lakini nimevaa soksi ndani ya nyumba, mke wangu asione. Nikishaamua kuhusu kipimo hicho, nitazivua mbele yake kwanza, ndipo niandike hapa.