Kwa Bi Machozi, Aliyewafundisha Madaktari Kuketi

Ni mwaka mmoja sasa, mdogo wangu, tangu tutoke hospitalini na begi lako la nguo bila wewe. Mama ameagiza niandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekusema kuliko wote. Sikubishana naye. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, maneno ya kupamba sina, kwa hiyo nitasema yaliyokuwepo.

Ulipotuambia unakwenda chuo kikuu kusoma sanaa za maonyesho, nilicheka mpaka nikapaliwa. "Miaka mitatu ya kuigiza? Si watoto wanaigiza bure hapo nje?" Likizo ya kwanza ulibandika utepe kwenye sakafu ya sebule kuonyesha ukuta uko wapi na mlango uko wapi, ukaanza mazoezi yako. Wiki nzima tukawa tunazunguka ukuta usiokuwepo ili tufike jikoni. Mama yeye alikuwa anabisha hodi kabisa.

Ulipohitimu nikaanza upya: sasa utakula nini? Ukanihesabia wenzako. Mmoja anasimamia taa za ukumbi, mwingine anasoma habari redioni, na yule mrefu aliyekuwa akija kutumalizia chakula anawafundisha mawakili kusimama na kuongea. Wewe mwenyewe ulianza kwa kuwa sauti ya sabuni kwenye matangazo. Mama akaacha sabuni yake ya miaka yote akahamia hiyo, ingawa ilimchubua mikono.

Kisha ukapata kazi kwenye chuo cha madaktari, na hapo ndipo nilipoona umepotea njia kabisa. Chumba kidogo, viti viwili, boksi la tishu. Daktari mwanafunzi anaingia, wewe ni mama wa mtoto ambaye hakutoka salama kwenye upasuaji, na yeye lazima akuambie. Ulilia, ulipiga kelele, siku nyingine uliuliza tu kama mtoto ameshakula. Akimaliza, unafuta uso na kumwonyesha alipokosea. "Umesimama umeshika kitasa. Mtu aliyeshika kitasa anataka kuondoka. Toka, uingie tena." Ukirudi nyumbani sauti imekauka, unakula sahani mbili, unasema, "Niacheni jamani, leo nimefiwa mara nane." Wenzako wa kazini wakakubandika jina la Bi Machozi, na ukalipenda.

Mimi nililigeuza mzaha. Kwenye sherehe za watu nilikutambulisha hivi: "Huyu dada yangu analipwa kulia." Watu walicheka, na wewe ulicheka. Wifi yako aliniambia siku moja kwamba kicheko chako hakikuwa cha kweli, nikamwambia aachane na mambo ya ndugu wawili. Nilikukosea. Nalisema hadharani kwa sababu nilikukosea hadharani.

Halafu binti yangu mdogo akaleta barua ya kukubaliwa chuo kikuu, fani ile ile yako. Nikakataa. "Kichekesho kimoja kinatosha kwenye ukoo huu," nilisema, na wewe umekaa pale pale. Ulichukua mkoba wako. "Kaka, mimi nimezoea. Mtoto usimfanyie hivi." Tukanuniana wiki tatu. Kumbe ulikuwa umeshamwandikia msajili wa chuo chake, ukamwomba amshikie mtoto nafasi yake kwa mwaka mmoja. Hilo nililijua baadaye.

Wiki ya nne mshipa wa kichwa ulikupasuka ukiwa kazini. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye benchi la hospitali, ovaroli imejaa grisi. Akaja daktari kijana. Akazima simu yake, akavuta kiti, akaketi karibu hadi magoti yetu yakagusana. Akaniuliza mimi ni nani kwako, na nimeambiwa nini mpaka hapo. Kisha akasema, "Nina habari mbaya. Dada yako amefariki." Hakusema umetutoka wala umepumzika. Akabaki ameketi.

Nilimtukana, yeye na hospitali yake yote. Hakuondoka, hakutazama saa, hakujitetea. Nilipoishiwa maneno, swali pekee lililonijia lilikuwa ni nani aliyemfundisha kukaa na mtu namna ile.

"Ni yeye," akasema. "Alinitoa nje mara tano. Mara ya sita ndiyo akasema sasa naweza kupelekwa kwa watu." Hapo na yeye akaanza kulia, nikawa mimi wa kumtafutia tishu.

Katika asubuhi ile jambo moja tu lilifanyika vizuri, na lilikuwa kazi yako. Nimelifikiria mwaka mzima na sijapata pa kulikwepea.

Mwezi uliopita, nafasi ya mtoto ikikaribia kuisha, nilimwita mezani nikamwambia aende. Akaniuliza kama ni kwa ajili ya shangazi. Nikasema ndiyo.

"Basi siendi, Baba. Siendi kusomea msiba."

Jeuri hiyo kaitoa kwako, hilo halina mjadala. Ikabidi niseme nililokuwa nimelificha: kwamba sikuwahi kukuona kazini hata siku moja, nilikuwa nacheka nisichokijua, na niliogopa watu watamcheka na yeye.

"Watu gani?" akaniuliza. "Wewe ndiye ulikuwa unaanza kucheka. Wengine walikuwa wanakufuata tu."

Nikamwambia aende kwa sababu anaijua kazi anayoitaka, na mimi siijui. Hilo alilikubali. Nikatia saini fomu.

Unakumbukwa na Mama. Na mimi kaka yako, fundi mizani. Na wifi yako, ambaye alikuona vizuri kuliko mimi. Na watoto wangu wawili wakubwa, ambao ni wako pia. Na wenzako wa chuo cha madaktari. Daktari yule naye ameomba awemo, na Mama amesema aandikwe pamoja na wanafamilia. Mtoto wetu wa mwisho hayupo tunapoandika haya. Ana mazoezi jukwaani huko chuoni mpaka jioni, na alipotaka kuomba ruhusa aje kwenye kumbukumbu hii, nilimkatalia mimi mwenyewe. Sisi tutakukumbuka daima. Yeye ana kipindi.