Gari Lako Lisinisubiri

Chumba cha nyuma, gerejini
Jumapili, 7 Septemba

Mpendwa mwanangu Honi,

Hujambo, mama? U mzima huko uliko? Kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha, au bado unakitibu kwa maji ya moto na ubishi? Nakujua. Ukinijibu, anza na hilo kwanza.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu hunikaripia kila nikiinama kwenye boneti, lakini hiyo si habari, ndiyo desturi yake. Mama yako mdogo alipaka mlango wa jikoni rangi ya kijani, kisha akasahau na kuuegemea. Gauni lake moja sasa limebeba nusu ya mlango. Ukija usimcheke mbele yangu, maana nitacheka na mimi, halafu nitakayelala njaa ni mimi peke yangu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilitembea nayo gereji nzima, nikiwaonyesha hata wateja nisiowajua. Mtoto tuliyemwita Honi kwa sababu akilia mtaa mzima unapisha njia, leo ana honi yake mwenyewe na gari zima nyuma yake! Nilifurahi mpaka nikafunga nati upande usio wake.

Umeniomba nikuandikie namna ya kulitunza. Haya. Asubuhi, kabla hujaliwasha, likiwa limesimama mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Kipimo cha kwanza usikisome, huwa kinadanganya. Oili iwe kati ya alama mbili, isipungue wala isizidi.

Maji ya rejeta yaangalie papo hapo, injini ikiwa bado baridi. Ikishachemka, usiguse ule mfuniko hata kama unawahi harusi yako mwenyewe. Zima gari, kaa pembeni, subiri. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kovu la mkono wangu ni la nini, nikakuambia niliungua na chai. Haikuwa chai.

Matairi yapime upepo kila baada ya wiki mbili, kabla gari halijatembea sana, na la akiba nalo lipime. Watu hulisahau, halafu siku wanayolihitaji wanalikuta laini kama mto wa kulalia. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, mwambie fundi avisafishe na kuvikaza. Na ukiona gari linatoa sauti ambayo jana hukuisikia, zima redio usikilize. Najua redio yako haizimwi, lakini jaribu.

Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, tafadhali usiizoee. Mume wa shangazi yako aliibandikia stika ya ua, eti ilikuwa inamsumbua macho. Injini ilikufa katikati ya barabara, ua likabaki pale linachanua. Mpaka leo shangazi yako akitaka kumnyamazisha humtajia maua.

Sasa nije kwenye ule mstari ulioandika karibu na mwisho, kama mtu anayetaja jambo akiwa tayari mlangoni. Umesema pedali ya breki imeanza kuzama, ila ukiikanyaga mara mbili inakaa sawa, na umeshaizoea. Umesema umeongeza mafuta ya breki mara mbili, kama ulivyokuwa ukiniona nikimfanyia baba yako ulipokuwa likizoni. Umesema huendi kwa fundi mwingine wakati una baba mdogo, kwa hiyo utalileta mwenyewe mwisho wa mwaka nilishike kwa mkono wangu.

Nilipofika hapo mara ya pili, niliketi kwenye tairi.

Nilikupigia simu siku ile ile. Nikakuambia peleka gari kwa fundi, ukacheka, ukasema, "Baba mdogo, wivu umekwisha? Tangu lini unanituma kwa mafundi wa watu?" Nami nikacheka pia, nikakuuliza hali ya hewa. Niliogopa. Nina miaka hamsini na tisa, nimelala chini ya malori yaliyoegemezwa kwenye jeki moja mbovu, na niliogopa swali la mtoto. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana barua hii nitampa yule nesi jirani yetu anayesafiri kesho kuja huko, ili ikufikie mkononi.

Honi, hapakuwa na mbuzi.

Miaka sita iliyopita, ulipokuwa chuoni, baba yako alikuambia kwamba mbuzi alikatiza barabara, naye akamkwepa akagonga ukuta wa ghala. Wewe ulicheka na kulia kwa pamoja. Mtaa mzima ulicheka. Mpaka leo watu wakipita kwenye kibaraza chake cha ushonaji humuuliza, "Fundi, mbuzi hajambo?" Naye hujibu kwamba mbuzi hajambo na ana wajukuu. Mimi huwa nasimama hapo hapo, natazama vidole vya miguu yangu.

Ilikuwa hivi. Mwezi mmoja kabla ya ajali, alikuja gerejini akaniambia, "Mdogo wangu, breki imekuwa kama cherehani iliyochomoka mkanda. Nakanyaga, mguu unakwenda, lakini hakuna kinachovutwa." Mshonaji huyo, unajua alivyo, kila kitu kwake ni cherehani. Hakuna fundi angeweza kuueleza ule ugonjwa vizuri zaidi. Na mimi nikamcheka.

Nilifungua boneti nikiwa nimesimama, nikaona mafuta ya breki yamepungua, nikajaza, nikapampu pedali, nikiikanyaga na kuiachia mara kadhaa, ikapanda. Nikamwambia imepona, nenda. Wiki iliyofuata akarudi, nikajaza tena. Ya tatu, vilevile. Nilikuwa na magari saba ya wateja uani, na la kaka ni la nyumbani, la nyumbani husubiri. Kila mara nilimwambia, "Jumamosi nitalilalia chini nilitazame vizuri." Jumamosi hiyo haikufika.

Nisikilize sana hapa, mama. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Pedi za breki zikilika, mafuta hushuka kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Yakipungua haraka, yanavuja, na anayejaza bila kutafuta yanakotokea anaficha ugonjwa, hatibu. Hilo nililijua. Namfundisha kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza. Nililijua huku chupa ikiwa mkononi.

Alasiri ile baba yako alikuwa amebeba sare za shule, marobota manne, anateremka kuelekea stendi. Alikanyaga, pedali ikagusa sakafu. Akakanyaga tena, hakuna kitu. Akavuta breki ya mkono, haikutosha. Mbele yake stendi ilikuwa imejaa watu, kushoto kuna ukuta wa ghala. Akachagua ukuta.

Nilifika kabla hawajalivuta gari. Nilipiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, nikakuta mpira wa kupitishia mafuta ya breki umelowa na una ufa. Nikaukata nikautia mfukoni kabla mtu hajaona. Hilo nalo nalikiri, maana nilikuwa na akili ya kuficha siku ile ile niliyokosa akili ya kutazama.

Nilikwenda hospitali nikiwa nimejipanga kusema. Nilikuta ndugu wamezunguka kitanda. Sijafungua mdomo, baba yako akanitazama mimi, akawaambia wao, "Ni mbuzi. Alitoka wapi sijui." Nikadhani nitasema kesho yake, kisha akitoka hospitali, kisha akitupa mkongojo. Mkongojo hajautupa mpaka leo.

Ule mguu wa kulia, kifundo hakikunjiki, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Sasa yeye hupima na kukata, mama yako ndiye anayeshona. Wenyewe hukuambia kwamba mama amependa kazi. Mimi huwaona, Honi. Mama yako akishona, mguu wa baba yako chini ya meza hujaribu kufuata mwendo, halafu hutulia. Nimeshona maneno ya kumwambia mara elfu, sina hata moja lililomtosha.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Yule fundi mwembamba tunayemwita Miwani, gereji yake inatazamana na kibaraza cha baba yako. Kuvuka barabara tu. Aliona baba yako akipampu breki kila akiegesha, akamwambia mara mbili, "Mzee, lete nilitazame, nusu saa tu." Baba yako akamjibu, "Ahsante, nina mdogo wangu."

Ndivyo tulivyo sisi. Ukiwa na fundi katika ukoo, kupeleka gari kwa mtu mwingine ni kama kumtangaza nduguyo kwamba hajui kazi. Basi watu wetu huendesha magari mabovu kwa heshima, wanatusubiri, na sisi tunawaweka mwisho wa foleni kwa sababu hawatakasirika. Nawe umeandika maneno yale yale ya baba yako, ukiwa mbali, na safari ya siku nzima ya milima mbele yako.

Kwa hiyo usinisubiri. Ukimaliza kusoma barua hii, gari hilo usiliendeshe tena, hata kwenda dukani. Mwite fundi hapo lilipo, au livutwe mpaka kwake. Mwambie atazame magurudumu yote manne, mipira yote, na silinda kuu ya breki. Akikuambia, "Tuongeze tu mafuta," mshukuru, tafuta mwingine. Akitengeneza, simama hapo umwone akilala chini. Aliyetazama akiwa amesimama hajatazama, hata awe baba yako mdogo.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha mpira mweusi, kirefu kama kidole. Kimekaa kwenye droo yangu miaka sita. Kikunje, utauona ufa, mfupi kuliko ukucha wako. Ukitaka kukitupa, kitupe. Ukitaka kuniuliza lolote, hata kwa hasira, niulize, safari hii nitajibu.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana ningekuwa nakupa kazi mbili kwa mpigo. Kazi yako ni moja, breki.

Leo asubuhi nilikwenda kumsomea baba yako yote haya, nisije nikamvua nguo nyuma ya mgongo wake. Alisikiliza huku anakata suruali, mkasi haukusimama. Nilipofika kwenye habari ya mpira, ukasimama. Akasema, "Mwandikie aende kwa fundi, lakini habari ya mbuzi iache. Mbuzi alikuwepo." Nikamwambia, kaka, hakuwepo. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha." Kisha akarudi kwenye suruali yake, na nilipoaga alinishika bega kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ujue kwamba nimemwasi kaka yangu kwa kukuandikia. Ni mara ya kwanza, naye ndiye aliyeninunulia spana zangu za kwanza.

Salamu huku ni nyingi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Shangazi anakusalimu, na mume wake pia, bila maua. Mama yako mdogo anakusalimu pamoja na mlango wake. Hata Miwani anakusalimu. Siku hizi gari langu hulitazama yeye na lake hulitazama mimi, na watu wakituuliza sababu tunawaambia tumezeeka.

Ukishatoka kwa fundi, usinipigie mimi kwanza. Mpigie baba yako, umwambie pedali inakamata juu. Ukimwambia hivyo tu atakuelewa, nami nitakuwa nimeketi pale kwenye kibaraza chake, nasubiri simu hiyo.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko, na akupe fundi anayelala chini.

Ni mimi nikupendaye, niliyechelewa kukuambia,
Baba yako mdogo