Bega la Senge

Senge wangu mpendwa, shangazi yangu,

Hapo ulipo sidhani kuna haja ya kuulizana hali, kwa hiyo naanza na habari. Tumemwoza Nekesa, binti ya kaka yangu, yule aliyekuwa akipiga kelele ukimwosha miguu. Ameolewa Bungoma, kwa watu wapole wenye ng'ombe wakali. Tulienda, tukala, tukarudi salama, na mvua ilikuwa na adabu ya kusubiri hadi tumalize.

Unanijua. Nafundisha hisabati hapa Kitale, na nyumbani walisema siku zote kwamba Mungu aliniumba akasahau kuwasha jiko. Kwenye sherehe mimi ndiye ninayehesabu viti. Kwa hiyo ukiona nakuandikia habari za dansi, usidhani nimebadilika.

Nakumbuka jikoni kwako Naitiri, likizo za Agosti. Ulitupanga kwa mstari nyuma yako, sisi watoto wa kaka yako, mumeo amekaa mlangoni na litungu lake magotini akizichokoza zile nyuzi kama mtu asiye na haja ya kufika popote. Sheria yako ilikuwa moja. Wa nyuma anafanya alichofanya wa mbele, hajitungii. Nikianza kurukaruka unanigeukia: "Nafula, miguu ni ya kutembea. Dansi iko hapa." Unajipiga mabegani. Ndiyo kamabeka hiyo, dansi ya mabega, na kwako haikuwa na mjadala.

Mtindo wako niliusoma kama nilivyosoma hesabu baadaye. La kushoto linapanda na kushuka upesi, linatetemeka, linaita. La kulia linashuka, linatulia, limekaa tu kama mgeni aliyeshiba. Hakuna mtu mwingine Naitiri aliyecheza hivyo. Wengine walitikisa yote mawili sawasawa, nasi tukawaona washamba. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha dirisha la shule mpaka bega langu la kulia likajua kufa huku la kushoto likiishi. Ilinichukua miaka, maana mwili una upumbavu wake, ukiliambia hili lilale na lile linasinzia.

Dansi nyingine ulizipa heshima zake kutoka mbali. Ngoma za isukuti za majirani zetu wa kusini ulisema ni nzuri kwa mtu aliyekula vizuri. Rumba ya Kongo, ile iliyokuwa ikitoka redioni Jumapili mchana, uliisikiliza ukichambua maharagwe, kisha ukatoa hukumu: "Hiyo ni ya watu waliopewa kiuno. Sisi tulipewa mabega." Mchungaji alipowaambia akina mama wa kwaya kwamba mabega yanaleta fikira za dunia, uliitikia amina, ukaenda ukaimba umesimama wima kama mlingoti. Ubeti wa pili la kushoto likaanza lenyewe. Mchungaji akafunga macho akaombea kanisa lote.

Na ile siku ya Bungoma mjini. Tulikuwa tumeenda kununua kitambaa kwa yule Kalasinga mwenye duka karibu na soko, tukakuta duka limefungwa kwa sababu wanaoza. Bwana harusi yuko juu ya farasi, ngoma kubwa imetundikwa shingoni mwa mtu, na wanaume wenye vilemba wanacheza barabarani. Wanacheza mabega, Senge! Uliniwekea kikapu mikononi. "Hawa ni wetu," ukasema. "Walipotelea wapi?" Ukashuka barabarani na gauni lako la kwenda sokoni. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe akakuona, akaja mbele yako, mkajibizana kwa mabega wala hamkuwa na neno hata moja la kuzungumza. Kitambaa hatukununua. Njiani kurudi hukuacha kutabasamu, ukanipa kichwa nikufunge upya kitambaa kilichokuwa kimelegea. Siku zote ulituachia sisi watoto tukufunge, ukisema mikono ya mtoto ina baraka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Tangu mwaka jana bega langu la kushoto limekataa kazi. Daktari anasema limeganda, na kwamba kwa umri wangu si ajabu. Halipandi. Nami huandika kwa kushoto, kwa hiyo ubaoni naandika nusu ya chini peke yake, na wanafunzi wa nyuma wamezoea kusimama wakinakili. Ningeweza kuishi hivyo bila kelele. Lakini Nekesa akaposwa, na unajua desturi ya nyumba yetu. Bibi harusi haingii kwa watu bila senge wake kumtangulia kwa mabega. Ulinitangulia mimi. Sasa senge ni mimi.

Kaka yangu alitaka kukodisha kikundi. "Wako na sare, na wanacheza kila kitu," akasema. Vijana wakasema si tuweke tu DJ, bana. Mimi nilikuwa nimeshakubali, nikaona ni jambo la busara. Nekesa ndiye aliyekataa. Alikuja hapa nyumbani, akakaa jikoni hajavua hata koti. "Senge, bila wewe mbele nitaingia kwa wale watu kama gunia la mahindi limeshushwa kwa lori. Ati kikundi! Hao wananijua?"

Baada ya kuondoka niliogopa. Nakuambia wewe kwa kuwa huwezi kumwambia mtu. Binamu zangu wote wametawanyika, wengine wameokoka mpaka mabega. Aliyekuwa amebaki na ule mtindo wako mwilini ni mimi, na mtindo wenyewe unahitaji bega la kushoto. Niliona utaishia kwangu, kama kitu nilichoazimwa nikakivunja.

Siku ilipofika, Nekesa alinifunga kitambaa kichwani kwa sababu mkono wangu haufiki. Tukajipanga nje ya boma la wenyewe, wasichana wamefuatana nyuma yangu, nusu yao na simu mkononi. Litungu likaanza. Nikaita bega la kushoto, likanyamaza. Nikaita tena. Wenyeji wametukodolea macho, Nekesa yuko nyuma yangu, na mimi nimesimama kama mwizi langoni. Basi nikaliacha lilale. Nikafanyia kazi la kulia, lile nililolifundisha kufa, nikaliambia lifufuke. Liliamka na ukaidi, lakini liliamka. Tukaingia.

Nilisikia vigelegele, sikuelewa ni vya nini. Tulipozunguka uwanja nikaona mstari wangu. Wote, Senge, kuanzia Nekesa mpaka kale kasichana ka mwisho, la kulia linatetemeka na la kushoto limekufa. Wamenakili ugonjwa wangu, tena kwa bidii, na umependeza.

Mke mwenzako, Mama Wekesa, alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, anacheka mpaka anajifuta macho kwa leso. Nilipofika aliniita kwa kidole.

"Nafula, mmeligeuza. Mwenzangu alikuwa anaua la kulia, wewe unaua la kushoto."

"Langu ni gonjwa, mama. La Senge lilikuwa mtindo."

"Mtindo gani?" Akacheka upya. "Huo ni mkokoteni wa ng'ombe. Ulimwangusha tukitoa mahindi shambani, mwaka nimeolewa. Nikamkanda, nikamkanda, bega likakataa kurudi. Halafu nyinyi watoto mkaanza kumfuata hivyo hivyo. Mimi nataka kuwaambia, yeye ananiambia nyamaza, waache, si wanacheza vizuri?"

Nilirudi kukaa. Kwanza niliudhika. Miaka yote ile mbele ya kioo, nikilifundisha bega zima kuchechemea! Kisha nikagusa kitambaa kichwani mwangu, kile alichonifunga Nekesa, nikaelewa kwa nini ulikuwa ukituinamishia kichwa chako. Hukuweza kuinua mkono. Ulikuwa unaumwa, na sisi tulikuwa tukipigania nani akufunge leo. Nililia, Senge. Mimi. Wakwe walidhani nasikitika kumtoa binti, wakaniletea soda.

Nimekukosa kuliko nilivyojua. Hilo nalisema bila kupunguza.

Jana Nekesa alikuja kutusalimu na mawifi zake wawili. Wanataka kujifunza ile dansi, wameiona kwenye simu, kila mtu huko kwao sasa anaijaribu. "Senge, ile ya bega moja inaitwaje?" wakaniuliza.

Nikawaambia inaitwa ya kwetu, wasimame nyuma yangu, na wasijitungie. Halafu nikampa mdogo wao kitambaa, nikainama anifunge.

"Mikono ya mtoto ina baraka," nikamwambia.

Pumzika, na bega lako lipumzike.

Ni mimi,
senge mwenzako.