Jina la Baba na Ndege wa Kahawia

Idara ya Ndege,
Jumba la Makumbusho.
Jumanne, 14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha inda na unalala vizuri. Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakusalimu na analalamika kwamba hupokei simu. Baba naye mzima, ila habari ninazokuandikia ni zake, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamweleza mtu.

Unakumbuka furaha ya mwezi uliopita. Jenasi, yaani ukoo, ya ndege wa kahawia wanaokwea mashina na kudonoa wadudu kwenye magome ilikuwa igawanywe, na tawi jipya lipewe jina la Baba, aliyewakusanya tangu ujana wake. Si jina la ndege mmoja, Shangazi. Ni la jenasi nzima, kama jina la babu linalobebwa na wajukuu wote. Baba alinunua koti. Nasikia nawe uliwatangazia majirani mpaka wakaanza kukukimbia.

Basi limeingia doa. Sheria ya kazi yetu ni moja: jina lililotangulia ndilo linaloishi. Lilikuwepo jina la zamani, limesahaulika, nasi tukaliweka kwenye lile tawi jingine. Sababu? Ndege aliyepewa jina hilo, mkavu ndani ya droo yetu, ana mdomo uliopinda kama wa ndege wa tawi hilo. Wiki hii maabara imeleta majibu ya vinasaba vyake: ni wa tawi letu. Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea. Jina la zamani linafufuka, la Baba linakufa kabla ya kuzaliwa.

Mkuu wangu, tunayemwita Miwani, alifunga mlango akaniambia makala ya kutangaza jina la Baba iende ilivyo, majibu yakae kwanza. Anampenda Baba, sikatai. Lakini nami ni mwandishi wa makala hiyo, na Alhamisi inapelekwa kuchapishwa. Nilimkasirikia Miwani, nikamkasirikia hata yule ndege, aliyekufa zamani na bado anatutesa.

Jana nilipotoka kazini nikapitia kwa Baba. Nilimkuta anapiga pasi lile koti. Nikamwambia yote, hata la Miwani. Akaendelea kupiga kola ileile mpaka nikamwondolea pasi mkononi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

"Basi mrudishieni ndege jina lake," akasema. "La kuazima silitaki."

Asubuhi nimemwambia Miwani sitaweka sahihi. Amenuna, lakini makala imesimamishwa. Nikadhani yamekwisha, kumbe bado. Mama amepiga simu kwamba Baba hataki kula wala kutoka chumbani. Nimekwenda mchana, nikamuuliza kinachomsumbua. Naye akaniuliza, "Dada yangu ameshajua?"

Hilo tu. Hawaogopi wataalamu, anakuogopa wewe, uliyemlea na kumchapa kwa kufuata ndege mitini badala ya kwenda shule. Naogopa sana, Shangazi, sijawahi kumwona hivi.

Wasalimie binamu zangu wote na yule fundi cherehani jirani yako. Mungu akupe afya na akupunguzie ngazi za kupanda.

Mpigie simu ukimaliza tu kusoma. Usimpe pole, atalia. Mwambie unajivunia yeye. Tangu nipate akili namwona akisubiri kulisikia hilo kutoka kwako.

Mwanao akupendaye,
Kifaranga