Pua ya Kemilembe

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetapisha choo Hamugembe. Funza wanene kuliko mimi. Wenye nyumba wamekimbilia kwenye migomba, wananielekeza kwa fimbo. Nikawakaribisha chai humo shimoni. Mmoja katapika. Nimecheka, ila kusema ukweli na mimi nachukia. Miaka kumi na moja, ndoo kwa ndoo, sijazoea.

Nyumbani Kagondo, mke wangu kaninyooshea kidole: maji yako nyuma ya nyumba. Kemilembe kanirukia shingoni kabla sijanawa. Ana miaka minane. Kazaliwa hasikii harufu yoyote. Dunia nzima ni yeye tu anayenikumbatia nikitoka shimoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeogopa. Kemi kakutwa na bakuli tupu. Dagaa za juzi, zimeoza, zina ute. Kamaliza zote. Katapika mpaka jioni. Mimi mtu wa mavi nimeshindwa kukaa ndani.

Mwezi uliopita gesi ilivuja, yeye yuko jikoni anaimba. Jirani ndiye alinusa. Siku nyingine jirani atakuwa kanisani.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali. Daktari hajaziba pua, ila kiti kakisogeza mbali nami. Kasema huko nje wanatafiti kitu kinaitwa seli shina. Kama chipukizi la mgomba, unapandikiza puani, linaota kile kilichokosekana. Wamejaribu kwa panya waliozaliwa hawanusi, wakaanza kunusa. Kwa watoto bado. Lini? Hajui.

Waitu daktari, nikamwambia, basi muandike mwanangu kama panya. Kacheka. Mimi kicheko kimeniishia mlangoni.

Jumatano, 12 Machi
Mama Kemi kasikia kuna bwana Muleba anazo hizo seli kwenye chupa. Unadondosha puani, basi. Nimempigia. Anajua kuongea kuliko mimi. Hilo limenitia wasiwasi, maana mimi nikiongea vile huwa nadanganya. Lakini tunaenda.

Wazo baya: akipona, atanisikia ninavyonuka. Nimejichukia.

Jumamosi, 15 Machi
Muleba. Chumba nyuma ya duka la mbolea. Koti jeupe, kola nyeusi kwa jasho. Kucha chafu kama zangu, na yeye hachoti choo. Kemi kalazwa kwenye benchi, kichwa nyuma, katulia. Nikaomba chupa.

"Usifungue mzee, seli zinakufa kwa hewa."

Kazi yetu ina sheria moja: funua, nusa kwa mbali, subiri. Mwenzangu hakusubiri, tulimvuta na kamba keshakufa. Mimi siingii shimo sijanusa, na mwanangu haingii. Nimefungua.

Mungu wangu. Damu iliyolala, nyongo, na dawa ya kusafishia choo juu yake kuficha. Nilishawahi kuzibua mtaro wa machinjioni. Ni ile ile.

"Hizi seli nazijua. Nimezichota kwa ndoo."

"Harufu ndiyo nguvu yake, mzee."

"Basi anza wewe. Puani."

Kakataa. Kemi kainua kichwa: "Tata, kwani kuna nini?" Chupa iko mbele ya uso wake na hajui. Huyu bwana kachagua watoto wasionusa, kama mwizi anayeibia vipofu. Hapo nimetapika. Mashimo yote yale sijawahi. Nimetapika juu ya viatu vyake. Sijaomba msamaha.

Jumapili, 16 Machi
Mama Kemi kalia kidogo, halafu kapika. Tumepanga: Kemi hali kitu mpaka mmoja wetu anuse. Jiko la gesi hawashi peke yake. Tutangoja wale wa panya.

Mchana kaniletea sahani ya matoke. "Tata, nusa." Nimenusa. Nikamwambia kula.

Kala huku kakaa kwenye goti langu. Kauliza, na wewe unanuka nini? Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nikasema mavi.

Kafikiria. Kauliza ni harufu nzuri au mbaya.

Nikasema mbaya.

Kasema sawa. Kaendelea kula, hajashuka.