Wifi Zuwena, Ibra Tumepiga Kura

Wifi yangu Zuwena,

Nimeshinda. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanzia mbali ungenikatiza, "Raya, nambie mwisho wake kwanza, kisha ndo unipambie maneno." Basi mwisho wake ndio huo. Mimi, mke wa kaka yako Seifu, mtoto wa Tabora uliyekuwa ukinicheka kwa kusema shule badala ya skuli, ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya wanawake wa Ibra hii yetu ya Omani na vijiji vyake. Sikuteuliwa na mtu. Nimechaguliwa kwa kura ya siri, katika ukumbi wa skuli ya wasichana, na wanawake waliotoka Mudhairibu, Qabil, na hata kule mchangani kwa Mabedui.

Nimesema skuli. Umesikia?

Kiti kile kilikuwa chako, wifi. Ni wewe uliyekwenda kwa liwali kuomba ile nyumba tupu iliyo jirani na skuli iwe ofisi ya jumuiya, na liwali akakubali, akasema wanawake wajichagulie viongozi wao wenyewe. Wakubwa wa mji walidhani kujichagulia maana yake ni wake wa masheikh kukaa kitako, kunywa kahawa na kutajana majina. Wewe ukasema sivyo. Ukasema tupige kura. Mwenyekiti, makamu, katibu na mshika fedha wachaguliwe na wote, na kila kijiji kiwe na kiti chake, kimchague mwanamke wake mwenyewe. Ukatusimulia siku ile wanawake wa Unguja walipopiga kura mara ya kwanza, ulivyoamka alfajiri, mama yenu akakupigia pasi buibui kama unayekwenda harusini, mkapanga foleni mpaka jua likawa kali na hakuna aliyetoka kwenye mstari.

Unakumbuka aliyekunyamazisha? Bi Nunu, jirani yetu. Alikwambia, "Zuwena, mambo hayo tuachie. Uchaguzi ndio uliotutoa kwetu." Sisi tunaoitwa hapa Wazinjibari, tuliotoka Unguja na bara, tuliokuwamo chumbani sote tuliinamisha vichwa. Nani kati yetu hakuacha mtu kule? Wewe ulimbusu mkono kwanza, ukamwambia, "Bibi, kura haikumuua mtu. Walioua ni watu walioshindwa kukaa pamoja baada ya kuhesabu." Tangu siku ile nilikuwa nikimwona Bi Nunu anakutazama kwa namna nyingine.

Halafu zile figo. Maskati, kitanda kile, na mimi nikikushikia kikombe cha maji uliyokatazwa kunywa. Tulikuosha mimi na Bi Nunu. Nywele zako... Basi, hilo naliacha hapo.

Kabla hujaenda uliniomba jambo moja tu, na halikuwa uenyekiti. Uliniomba mwanao Asila asitolewe skuli. Nikakuitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Lakini msiba haujapoa, Salim mumeo akamtoa. Tusimlaumu sana. Mudhairibu hakuna madarasa ya juu ya wasichana, ya karibu yako hapa Ibra, na gari pekee inayokuja asubuhi ni pikapu iliyojaa wavulana na mafundi wa ujenzi. Hataki bintiye apande huko, na akina baba wengine wote kule hawataki. Wasichana wanamaliza darasa la sita, wanakaa nyumbani, wanangoja posa. Nilikwenda kumwomba ampe ruhusa, nikarudi mikono mitupu. Nilipanda garini kwa Seifu nikalia mpaka tunaingia Ibra. Tulipofika mlangoni kaka yako akasema, "Alichokuwa akikitaka Zuwena kwenye ile jumuiya ni basi la wasichana. Nani atalidai sasa?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Mpinzani wangu alikuwa Bi Shamsa, mke wa sheikh wa mtaa wa juu. Namtendea haki: kwenye msiba wako hakukosa hata siku moja, na chakula alileta kwa masinia. Lakini alikiona kiti kile ni cha nyumba yao. Kwenye mkutano wa kwanza nikainuka kusema habari ya basi, na Kiarabu changu unakijua, kinatoka kama kimepitia Tabora. Wanawake wakaanza kucheka chini kwa chini. Bi Shamsa hakucheka. Alingoja nimalize, akasema kwa upole kwamba mwenyekiti anahitaji ulimi ambao kila mwanamke wa hapa anaufahamu, na kwamba wageni ni wageni hata wakikaa sana. Mmoja nyuma yake akaongeza kwamba watu wa nazi wangojee kwanza wajifunze kula tende. Ukumbi ukacheka wazi.

Wifi, baba yangu na babu yangu ni watu wa Ibra. Nimezaliwa Tabora nikiitwa Mwarabu, nikaja hapa nikaitwa Mzinjibari, na Unguja kwenyewe nimeishi miezi tu, kungoja safari. Nilikaa chini masikio yakiwaka. Hapo ndipo Bi Nunu, ambaye nilidhani amekuja kusinzia tu, aliponivuta shungi akaninong'oneza, "Kesho anza kwenda vijijini. Usingoje waje."

Likabaki suala la kusoma, maana wapigakura wengi hawajui alifu wala bee. Bi Shamsa alisema basi tuinue mikono. Ningekubali ningekwisha, nani angeinua mkono mbele ya mke wa sheikh? Nikakumbuka ulivyotusimulia kwamba kule kwenu karatasi zilichorwa alama, asiyejua kusoma akatia mkono wake penye picha. Nikalieleza hilo. Mwalimu mkuu wa skuli, Mmisri, ambaye liwali alimpa kazi ya kusimamia, akalipenda papo hapo. Bi Shamsa akachagua birika la kahawa. Alama nzuri, kila nyumba wanayo, wanaiheshimu. Mimi nikaulizwa yangu ni nini, na kile kicheko cha nazi bado kilikuwa kinaniuma. Nikasema: mbuzi.

Ndiyo. Mbuzi yako ya kukunia nazi, ile uliyotoka nayo Unguja imefungwa ndani ya kanga.

Mwalimu mkuu alichora mnyama, nikamwambia siye, nikaenda kuileta yenyewe. Ikabidi aichore na kile kiti chake na ulimi wake wa chuma wenye meno. Ilitoka kama ngamia aliyekasirika. Seifu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Basi tukaanza kuzunguka, Seifu anaendesha, mimi na Bi Nunu tumebanana mbele, mbuzi nyuma pamoja na gunia la nazi za Salala, huko kusini. Kila kijiji nilifanya vilevile. Sikuhutubia. Niliomba uwanja wa nyumba ya mtu, nikakalia mbuzi, nikakuna nazi, tukapika wali, na wanawake wakaja wenyewe kuangalia kiti chenye meno. Walitaka kujaribu. Walijikata vidole, wakacheka, wakakaa. Hapo ndipo tulipozungumza. Kiarabu changu kikikwama, walinipa neno, nikalirudia mpaka wakaridhika. Nilikuwa nawauliza tu binti zao wameishia darasa gani, na kwa nini. Wifi, hakuna uwanja hata mmoja ambao jawabu halikuwa gari.

Kwa Mabedui, mwanamke mmoja jina lake Moza alisikiliza kila kitu bila kuvua barakoa wala kugusa wali. Nilijua nimekosa kura pale. Nilipoinuka kuondoka akaniambia, "Mji mzima unakuja kwetu kununua mbuzi wa kuchinja. Wewe wa kwanza kuja kuuliza kuhusu binti zetu." Kisha akagombea kiti cha kule mchangani, na akakipata. Utampenda. Ningesema ungempenda, lakini kalamu imeshaandika.

Mudhairibu, kwa Salim, niliiacha mwisho kwa kuogopa. Salim alinipokea vizuri. Nikamuuliza, likiwepo basi la wasichana watupu, na dereva mtu mzima anayemjua yeye mwenyewe, atamwachia Asila? Alizungusha kikombe cha kahawa mkononi. Akasema, "Lipite kwanza mlangoni kwangu." Asila alikuwa nyuma ya pazia. Niliiona miguu yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Ungekuwepo ungesema Idi imekuja mapema. Pikapu zilikuwa zinashusha wanawake tangu asubuhi, na walivyovaa, wifi, na uudi ulivyonukia mpaka nje ya geti. Bibi wa Qabil alikuja amebebwa na wajukuu juu ya kiti. Wanaume waliambiwa wakae ng'ambo ya barabara, na wakakaa, liwali mwenyewe akiwa nao chini ya ukuta, wakipitishiana kahawa. Ndani kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia meza yenye masanduku, la mji na la kila kijiji, na kila mmoja aliingia peke yake. Hilo la peke yake ndilo lililowashangaza wengi. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alitoka akamwambia mama mkwe wake, "Usiniulize." Mama mkwe hakumuuliza.

Bi Nunu alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Nilimwamkia, shikamoo bibi, akaitika marahaba bila kugeuka. Nikamshika kiwiko. Alipotoka nyuma ya pazia macho yamejaa machozi, akaniambia, "Nimerudisha kitu changu." Nikakumbuka alivyokwambia kwamba uchaguzi ndio uliotutoa kwetu.

Kuhesabu kulifanyika mbele yetu, karatasi moja moja ikiinuliwa juu. Birika, mbuzi, birika, birika, mbuzi. Mwanzo nilikuwa nyuma, maana kura za mjini zilitangulia. Nikaanza kujipangia maneno ya kumpongeza Bi Shamsa. Kisha yakaja masanduku ya vijiji. Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi. Wanawake wakawa wanaitamka pamoja na mwalimu, kwa Kiswahili, hata wasiojua neno jingine la Kiswahili, ukumbi mzima, mbuzi, mbuzi, na la mwisho kabisa sikulisikia kwa vigelegele. Nilikuwa nimeshinda na nilichokuwa nikikitafuta kwa macho ni wewe. Nilitazama mlangoni kabisa, wifi. Kama mjinga.

Kisha Bi Shamsa akainuka. Kila Mzinjibari mle ndani alimkazia macho, na unajua kwa nini. Hii ndiyo saa tuliyokuwa tukiiogopa, ya baada ya kuhesabu. Alivuka ukumbi mpaka niliposimama. Akasema, "Nyumba ya binti yangu iko nyuma ya bonde, njia mbaya. Niambie hilo basi lako litafikaje kule, maana nina wajukuu watatu wasichana." Nikamwambia sijui, na kwamba yeye ndiye anayezijua njia za huku kuliko sisi sote. Akasema, "Basi nionyeshe ofisi iko wapi." Kwa kanuni ulizotuandikia, wa pili kwa kura za mwenyekiti ndiye makamu. Alikuja Jumamosi kabla yangu, akanipokea mlangoni, akaniambia nimechelewa.

Ni yeye aliyekwenda na mimi kwa liwali. Nilisema nilichoweza, na pale Kiarabu changu kilipochoka alikipokea kwa chake, kama watu wanaopokezana mzigo. Ni yeye pia aliyempata dereva, mjomba wake, mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye hakuna baba wa mkoa wetu huu wa Sharqiyah atakayemkataa.

Na basi limekuja, wifi. La rangi ya manjano, si jipya, mlango wake unafungwa kwa kupigwa teke. Siku ya kwanza nilipanda mimi mwenyewe. Tulipofika Mudhairibu Salim alikuwa amesimama nje, kanzu safi, bakora mkononi. Alimwamkia dereva, akaulizia jamaa zake, akachungulia ndani mpaka viti vya nyuma. Kisha akasogea pembeni. Asila akatoka, sare yake imepigwa pasi, akapanda bila kunitazama, akaenda kukaa dirishani. Tulipoondoka ndipo alipogeuka, akaniuliza, "Shangazi, mama aliwahi kukaa upande wa dirisha?" Ananiita shangazi kwa sababu wewe ulimfundisha hivyo. Nikamwambia daima, tangu utotoni, na kwamba ulikuwa ukigombana na kaka yako kwa ajili hiyo. Akacheka. Anacheka kama wewe, na pua.

Wanawake wa mji wa Sur wameleta habari, wanataka na wao kuchagua hivihivi, na wanatuomba twende. Tutakwenda, mimi na Bi Shamsa. Seifu anasema sasa nyumba yake ina serikali.

Nakuaga, dada yangu wa hiari. Mungu akulaze mahali penye baridi na mwanga. Nakupa ahadi moja, niliyoitoa pia mbele ya wanawake wale siku ileile, Bi Nunu akiwa ameniganda mkono: muda wangu ukiisha tutapiga kura tena, na wakimtaka mwingine, nitampisha kwa miguu yangu mwenyewe, nitamkabidhi funguo, na nitabaki kukaa naye.

Wifi yako,
Raya